Barua za Wasomaji: Vitako vya Meli, Tope la Rufiji na Vita vya Ziwa Tanganyika

Toleo lililopita tulieleza kwa kifupi mchezo wa vita vya manowari mezani, yaani kila mchezaji ana meli zake ndogo, anaandika amri kwenye karatasi bila mwenzake kuona, meli zote zinasogezwa pamoja alafu dadu zinaamua kombora la nani limefika na la nani limeishia majini. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotegemea, na nyingi zinauliza kuhusu vitako, kile kipande cha bahari ambacho meli inakaa juu yake. Nimefurahi kwa kweli, maana kwangu mimi kitako ndio kitu cha kwanza mtu ajifunze, kabla hata ya rangi ya meli yenyewe.

Habari za kazi mhariri. Niko Tanga, shemeji yangu alinitumia manowari ndogo za rezini (aina ya plastiki ngumu) za skeli 1/1200, yaani meli halisi imepunguzwa mara 1200, nimezipaka rangi vizuri tu ila kila tukicheza lazima mlingoti uvunjike au dohani ing'oke. Wenzangu wananiambia niweke vitako, mimi naona vitaharibu sura, meli itakaa kama sabuni kwenye kisahani. Ni lazima? Na vinatengenezwaje?

Weka ndugu yangu, wala usisite. Tatizo haliko kwenye mlingoti, liko kwenye vidole. Mchezaji akiwa na haraka anashika popote panaposhikika, na kwenye meli isiyo na kitako panaposhikika ni huko huko juu. Ukiweka kitako mkono unashuka wenyewe unashika pembeni. Na hiyo ni moja tu ya kazi zake, kitako pia kinabeba jina la meli ili mtu asiinue meli kuangalia chini ni ipi, kinaonesha omo, yaani mbele ya meli, imeelekea wapi hata kwa aliyesimama upande wa pili wa meza, na kikubwa zaidi unajua unapima masafa kutoka wapi. Nimeshuhudia watu wazima wakibishana nusu saa kwa ajili ya sentimita moja, na chanzo ni kwamba kila mtu anapima kutoka anapopataka yeye. Weka alama ndogo katikati ya ubavu wa kitako, mkubaliane kupima kutoka hapo, ugomvi umeisha.

Ukubwa unapatikana kwa hesabu ndogo: urefu wa meli halisi kwa mita, zidisha mara 100, gawanya kwa namba ya skeli, unapata sentimita. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115, kwahiyo kwenye 1/1200 inakuwa sentimita 9.6, kwenye 1/2400 ni 4.8 na kwenye 1/3000 inabaki 3.8 tu. Kwa skeli yako ongeza kama sentimita moja mbele na moja na nusu nyuma, huko nyuma ndiko jina na povu vitakaa. Upana usizidishe, mara mbili na nusu ya upana wa meli inatosha, na meli zote za kundi moja zipe upana mmoja ili zikijipanga kwenye mstari zisionekane kila moja imekuja na bahari yake.

Mimi napenda plastiki ya mabango, ile nyeupe ya milimita 3 ambayo mafundi wa mabango wanabaki na vipande, ukiwaomba vizuri wanakupa. Inakatika kwa kisu cha karatasi na rula ya chuma na hainywi maji. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, nayo nzuri ila inataka msumeno na vumbi lake sio la kuvuta. Ukishakata pitisha msasa kwenye kingo za juu ziwe na mteremko kidogo, hapo kitako kinalala vizuri na meza. Na kama chini ya meli hapajanyooka, laza msasa kwenye kioo, lowesha maji, sugua meli taratibu kwa mzunguko. Usisugue bila maji, vumbi la rezini halifai kabisa kwa mapafu.

Sasa maji. Weka meli juu ya kitako, izungushie penseli, iondoe. Chukua karatasi ya chooni, itenganishe ubaki na tabaka moja. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, paka nje ya ule mstari wa penseli tu, laza karatasi alafu kwa brashi iliyolowa isukume sukume mpaka ijikunje kidogo kidogo, hivyo ndio viwimbi vyako. Ila usizidishe jamani, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Piga hesabu ile ile: wimbi la mita 2, ambalo baharini linamtapisha mtu, kwenye 1/1200 halifiki milimita 2, na kwenye 1/3000 halifiki hata milimita moja. Ukijaza mawimbi ya nusu sentimita maana yake bahari yako ina mawimbi ya mita 6, na kwenye bahari hiyo hakuna mpiga mzinga atakayelenga kitu. Alafu viwimbi visiwe na mwelekeo. Meli inageuka kila zamu, ukichora mawimbi yote yanatoka kulia, baada ya zamu mbili meli yako ina upepo wake na ya jirani ina wa kwake.

Acha ikauke kabisa, kwa unyevu wa pwani ipe usiku mzima. Paka bluu iliyokolea karibu na nyeusi, ikikauka paka bluu ya kijani kidogo juu yake bila kufunika yote, kisha brashi kavu: chovya brashi kwenye rangi nyepesi, ifute kwenye kitambaa mpaka rangi karibu iishe, pitisha juu juu ili ishike kwenye ncha za viwimbi peke yake. Gundisha meli, na ule uwazi mwembamba unaobaki kati ya meli na maji uzibe kwa gundi nyeupe nzito kwa kijiti cha meno, ikikauka gusa nyeupe, unapata mstari wa povu bila kujitesa. Kuhusu mawimbi yanayotoka omo, wengi wanayafungua mno pembeni. Kwenye maji ya kina kirefu yanafunguka digrii 19 na nusu hivi kila upande, na mwanafizikia Lord Kelvin alishaonesha tangu karne ya 19 kuwa pembe hiyo ni ile ile iwe manowari au ngalawa. Kwahiyo V nyembamba. Mwisho vanishi ya kung'aa kwenye maji tu, meli iachie vanishi isiyong'aa, ukichanganya hapo kazi yote inaonekana ya plastiki.

Shikamoo mhariri. Mimi niko Kigoma. Babu alikuwa akitusimulia kuwa meli yetu ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe wakati wa vita na ikaja kuibuliwa. Tuko vijana wanne tunataka kuicheza ile vita ya ziwani mezani, tuanze na skeli gani na meli ngapi? Hela hatuna nyingi.

Marahaba kijana wangu, na babu alisema kweli. Sidhani kama kuna vita vya majini vinavyofaa kuanzia kama hivi vyenu, meli ni chache, ni ndogo, na kila moja ina tabia yake.

Kwa ambao hawajui: mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani ndio waliolitawala Ziwa Tanganyika, walikuwa na Kingani, Hedwig von Wissmann na ile kubwa Graf von Götzen ambayo ndiyo Liemba. Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, urefu wa mita 12 kila moja. Zilikuja kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikaburuzwa porini kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, mpaka zikafika Lukuga upande wa Kongo ya Wabelgiji, Kalemie ya leo. Aliyeziongoza ni Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata Kingani, wakaibatiza Fifi wakaitumia wao. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig. Götzen yenyewe Spicer-Simson aliiona baadaye akaamua kuiacha, na Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao hapo hapo kwenu Kigoma, wakiwa wamezipaka mashine grisi nyingi ili zisioze, ndio maana iliibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini.

Skeli chukueni 1/600. Götzen ilikuwa mita 71 na kidogo kwahiyo inakuwa sentimita 12, Kingani chini kidogo ya sentimita 3, Mimi na Toutou sentimita 2. Hizo ndogo msinunue, chongeni wenyewe kwa plastiki au mbao laini, sentimita 2 ni kazi ya jioni moja na wembe. Tena nyie mna bahati, mnaijua Liemba kwa macho, ila kumbukeni kuangalia picha za zamani maana umbo lake limebadilishwa kwenye matengenezo.

Sasa msije mkafikiri kwamba kwa kuwa meli ni 1/600 basi na meza nayo ni 1/600. Hapana. Masafa yana skeli yake. Wekeni sentimita 1 ya meza iwe mita 10 za ziwa, meza ya mita 2 inakupa kilomita 2, inatosha kwa pambano la mashua. Noti moja, kipimo cha mwendo wa meli, ni kama mita 31 kwa dakika, hivyo mkifanya zamu moja ni nusu dakika, Kingani iliyokuwa inakwenda noti 7 hivi inatembea sentimita 11 kwa zamu, na mashua za Waingereza mzipe mara mbili yake, sentimita 22.

Na hapa ndipo kitako kinapoamua mchezo. Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele na uliweza kupiga kuelekea mbele tu. Spicer-Simson aliiacha ipite kwanza, akatoka na mashua zake nyuma yake, na Wajerumani ili wapige ikabidi wageuze meli nzima. Pambano lilichukua dakika 11. Kwahiyo kwenye kitako cha Kingani choreni mistari miwili myembamba kutoka omo kwenda kwenye kona za mbele, adui akiwa ndani ya mistari Kingani inapiga, akiwa nje haipigi, hakuna cha kujadili. Mchezaji wa Kingani atatumia mchezo mzima kujaribu kugeuza omo na wa Mimi atatumia mchezo mzima kukaa tezini, yaani nyuma ya Kingani, na hiyo peke yake ni burudani ya kutosha. Vitako vya mashua vifanye sentimita 4 kwa 2, vikiwa vidogo zaidi ya hapo havishikiki.

Pointi: kuizamisha Kingani pointi moja, kuikamata mzima mbili, maana Waingereza walipata meli nzima pale. Mkishaizoea chezeni ambalo halikutokea, mashua na Fifi dhidi ya Götzen. Götzen iliwahi kupewa mzinga wenye mdomo wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye Königsberg, baadaye ukaondolewa upelekwe kwa jeshi la nchi kavu. Mwenye Götzen apige dadu kwa siri kabla ya mchezo kuona kama mzinga upo au haupo, mwenye mashua asijue mpaka asikie mlio. Nadhani hofu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Spicer-Simson, na mkicheza hivyo mtamwelewa.

Maji yenu hayana tabu, ziwa lina kina cha mita 1,470 na ni safi, bluu iliyokolea kweli kweli, mawimbi mafupi.

Mimi ni wa Mombasa, vitako vyangu nimevifanya na kadibodi ya maboksi, vilikuwa sawa lakini wiki ya pili vyote vimepinda juu, omo na tezi ziko hewani. Niviokoe vipi?

Gundi yenye maji ukipaka upande mmoja tu, ikikauka inajivuta na kadibodi inafuata. Geuza, lowesha upande wa chini kidogo kwa brashi, paka gundi ile ile chini, kisha uviweke kwenye karatasi ya nailoni na vitabu vizito juu mpaka kesho. Vingi vitanyooka. Vikishanyooka paka rangi ya mafuta au vanishi chini na kwenye kingo, hewa ya Mombasa inaingia kupitia kingo zaidi ya mahali pengine popote. Vipya usifanye tena kwa kadibodi.

Hujambo mhariri, mimi mzaliwa wa Kilwa naishi Toronto. Tuna kikundi tunakutana kila mwezi kucheza vita vya majini na wameamua tucheze Königsberg Rufiji kwa sababu yangu. Meza yao ni bluu ya bahari ya kaskazini na vitako vyote bluu. Nawaambia maji ya Rufiji sio hivyo hawanielewi. Nisaidie, na nipe namna ya kuicheza, maana wao wanataka wazipange meli wapigane tu.

Sijambo dada yangu, au kaka, hukusema. Simama hapo hapo usiwaachie. Rufiji ya bluu sio Rufiji.

Anza na rangi. Chini paka kahawia ya udongo iliyokolea. Juu yake changanya kahawia, manjano ya mchanga na tone la kijani, paka ikiwa nyepesi na yenye maji mengi ili ikusanyike yenyewe kwenye mabonde. Kabla haijakauka chukua rangi ya mchanga peke yake, vuta mistari mirefu myembamba kufuata urefu wa kitako, hilo ni tope linalosafiri na maji kuelekea baharini. Brashi kavu nyeupe usiiguse kabisa, mtoni ndani hakuna ncha za mawimbi. Viwimbi vya karatasi ya chooni navyo acha, tumia jeli ya akriliki ipake tambarare tu kwa kidole, alafu vanishi ya kung'aa tabaka mbili tatu. Maji ya tope yanang'aa juu na hayaonyeshi ndani, ukipata vitu hivyo viwili kwa pamoja jicho linaamini.

Kitako cha Königsberg kisiwe na povu. Meli ilikuwa imejificha mtoni, imetulia imefungwa, imefunikwa matawi ya miti isionekane, na hapo una ruhusa ya kuipamba: vipande vya sponji ulivyovisaga na kuvipaka kijani cha mikoko, vichache kwenye sitaha na vingi kwenye ukingo. Dohani zake tatu ziache zionekane kidogo. Mikoko ya meza tengeneza kwa sponji hiyo hiyo juu ya njiti za kiberiti zilizokatwa, na usisahau mizizi iliyo nje ya maji, bila mizizi hiyo watu wataona ni msitu wa kawaida. Meli za Waingereza, Severn na Mersey, zinatembea kisha zinatia nanga ili zipige, kwahiyo povu lake likate kwenye plastiki angavu, kipande kinachowekwa nyuma ya kitako meli ikitembea na kuondolewa ikisimama.

Kuhusu mchezo, waeleze hivi. Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina cha maji. Ndio zikaletwa Severn na Mersey, zilizojengwa mwanzoni kwa ajili ya mito ya Brazil, matumbo yake yanaingia majini chini ya mita 2 tu, zimevutwa kwa kamba kutoka Malta. Zilijaribu tarehe 6 Julai 1915, zikapiga mamia ya makombora, Mersey ikapigwa ikafiwa na watu, zikarudi nyuma. Tarehe 11 Julai zikarudi na safari hiyo Königsberg ikaisha, mabaharia wake wakamalizia kuilipua wenyewe. Na siku zote mbili wapigaji hawakuwa wanaonana! Masafa yalikuwa karibu kilomita 10, katikati ni mikoko, Waingereza walikuwa na ndege kutoka Mafia inayowaambia kombora limeanguka wapi, Wajerumani walikuwa na watu wamejificha karibu na mito wakiangalia na kupiga simu. Ukizipanga meli zikaonana mezani umefuta kisa chote.

Kwahiyo tafuta mwamuzi. Meza mbili, ikiwezekana vyumba viwili, kila upande una ramani yake ya delta. Sentimita 1 iwe mita 50, kilomita 10 inaingia kwenye mita 2. Mpigaji anaandika kombora analipeleka wapi, mwamuzi anaangalia kwenye ramani yake, kisha anampa jibu kupitia kwa mchezaji wa tatu ambaye ni rubani, na rubani anaruhusiwa maneno machache tu: mbele, nyuma, kulia, kushoto, na kiasi gani. Kila zamu rubani anapiga dadu kama ndege bado iko angani, mafuta yanaisha, injini zinachoka, na tarehe 11 ndege iliyokuwa inaelekeza ilianguka mtoni lakini baada ya kuwa imeshawapa Severn masafa sahihi. Upande wa Wajerumani wana mizinga zaidi na ni wepesi wa kupiga, ila macho yao yako kwenye mikoko, Waingereza wakiyapata na kuyapiga Königsberg inabaki kipofu. Ongeza maji kujaa na kupwa: manowari zinavuka mlango wa mto maji yakiwa yamejaa, zikichelewa kutoka zimekwama. Wenzako wataanza wakilalamika hawaoni meli, waache, baada ya kombora la tatu la nne kila mtu atakuwa ameinamia ramani yake na chumba kimenyamaza.

Ukirudi likizo pitia Fort Jesus Mombasa, mmoja wa mizinga ya Königsberg uko pale, piga picha, rangi na umbo vitakusaidia.

Niko Unguja. Vita vya dakika 38 vya 1896 vinachezeka kweli?

Kama pambano hapana, manowari za Waingereza zilikuwa tano mbele ya jumba la sultani, Beit al-Hukm, na upande wa Zanzibar ulikuwa na meli moja ya kivita, Glasgow, iliyozamishwa pale pale bandarini. Hakuna la mchezaji kuamua. Ila kwa fundi wa vitako kuna kitu kizuri mno: Glasgow ilizama maji mafupi, milingoti yake mitatu ikabaki nje miaka mingi. Tengeneza kitako chenye milingoti mitatu tu inayotoka majini, hakuna meli, rangi ya maji ya bandari ya Unguja kijani cha bluu kilicho wazi. Weka mezani kwa mchezo wowote wa Zanzibar kati ya 1896 na 1912. Kwa Pegasus ya 1914 usiweke, ilikuwa imeshaondolewa.

Mhariri mimi ni mama wa watoto wawili Nairobi na nacheza hizi manowari na kakangu tangu tukiwa shule. Shemeji zangu wananiambia mtu mzima, tena mwanamke, anasukuma vimeli kwenye sakafu. Nawajibu nini?

Waambie habari za Liverpool, dada. Mwaka 1942 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zinazamisha meli za mizigo za Waingereza kwa wingi wa kutisha, na jeshi la majini la Uingereza likaanzisha kitengo chini ya Gilbert Roberts kutafuta dawa. Kazi yao ilikuwa ni hii hii, mchezo kwenye sakafu, meli ndogo na chaki. Na waliouendesha wengi walikuwa wanawake vijana wa jeshi la majini, wengine hawajafika hata miaka 20. Makapteni wenye uzoefu walikaa nyuma ya pazia wakichungulia kwenye matundu ili waone kile tu ambacho wangekiona wakiwa baharini, na njia ya nyambizi ilichorwa kwa chaki ya kijani ambayo kutoka kwenye tundu haikuonekana. Mbinu zilizotoka kwenye ile sakafu zikapelekwa Atlantiki zikatumika, na maelfu ya maofisa walipita pale kufundishwa. Mabinti walikuwa wanawashinda makapteni, hilo liseme kwa sauti.

Nawaandikia kutoka Muscat. Napenda vita vya matanga, wakati wa Waomani na Wareno. Kitako cha chombo cha tanga kina tofauti gani?

Tofauti ni upepo. Chombo chenye matanga ya mraba hakiwezi kuelekea kwenye upepo zaidi ya digrii 67 hivi, kwahiyo kwenye kingo za kitako chora alama za pembe hizo pande zote mbili za omo, upepo ukiingia katikati ya alama chombo kimesimama. Vyombo vyenu vya tanga la pembetatu vinakaribia upepo zaidi, alama zake zisogeze ndani kidogo. Na upepo wenyewe usipige dadu, tumia mwezi: kaskazi au kusi. Wareno wa Goa walikuwa wanasubiri kaskazi ili waje kuokoa Mombasa, na Desemba 1698 meli zao zilifika siku chache tu baada ya Fort Jesus kuangukia mikononi mwa Waomani. Kamba za milingoti zifunge kabla hujagundisha chombo kwenye kitako, kisha za pembeni zimalizie kikiwa kimeshakaa.

Nasafiri na meli zangu kwenye matatu kwenda kucheza Thika, zinafika zimegongana. Nifanyeje?

Chini ya kila kitako gundisha kipande cha bati chembamba, bati la kopo lililonyooshwa linatosha, ila kingo zake zipige msasa zisikukate. Alafu nunua shiti ya sumaku, ile ambayo mafundi wa mabango wanabandika kwenye milango ya magari, uilaze ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko. Meli zinashika hapo hapo hata kontena likiinama. Jaribu kwanza kwa kuligeuza juu ya kitanda, sio juu ya sakafu, na kwa meli nzito za chuma weka bati pana zaidi maana sumaku hizo ni dhaifu.